Shajara ya mradi: mnandi, yangeyange na miche inayokufa kwenye kijisitu chetu

Habari zenu wadau. Kwa wale wapya mradi wenyewe uko hivi: kikundi chetu cha kitalu huku Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, tulikabidhiwa na kijiji kijisitu cha ufukweni tukitunze na kujazia miti penye mapengo, na katikati ya hicho kijisitu kuna makazi ya ndege, mnandi wengi sana (wale wanaozamia samaki) na yangeyange, wanazalia pale miaka nenda rudi juu ya mikuyu, migunga na ile mikaratusi iliyopandwa zamani. Sehemu yenyewe siitaji jina maana kuna watu wakisikia tu habari ya mayai kesho asubuhi wako pale na ndoo. Tatizo letu ni kwamba miche tunayopanda chini ya ndege inakufa, na mikubwa mingine imeanza kukauka vichwa, kwa hiyo nusu ya kikundi wanataka ndege wafukuzwe. Nikaomba tupime kwanza alafu ndo tuamue. Haya yafuatayo ni maandishi ya huko kupima, nimeyaacha karibu kama nilivyoyaandika kwenye daftari.

Masika yameanza

Tumefunga kamba kutoka kwenye mkuyu mkubwa wenye viota vingi kuliko yote, kamba inatoka pale inaenda nje mpaka kwenye miti ile ile ya aina moja lakini haina ndege. Kwenye hiyo kamba tumeweka vipande vya mita 2 kwa 2: kimoja chini ya viota kabisa, kingine pembeni pale kinyesi kinadondoka kidogo kidogo, kingine mita 40 nje ambako hakuna kitu. Udongo ni ule ule wetu wa kichanga unaotokana na haya mawe makubwa, kwa hiyo tofauti ikionekana hatuwezi kuisingizia ardhi.

Kipande cha nne kiko kwenye mahame. Hiki hatukukipanga, alituonyesha babu mmoja mvuvi aliyetukuta tunahangaika na kamba. Nikamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba mjukuu wangu, sasa huko kwenye mavi mnatafuta dhahabu? Nikamweleza. Akatupeleka upande wa kaskazini akasema hapa nilipokuwa kijana ndo ndege walikuwa wanalala, ukipita na mtumbwi unaona peupe pe, baadaye miti ikaanguka wakahamia huko mliko nyie. Sa hivi ukisimama pale unazama kwenye mnavu, mchicha pori na mbarika zilizokuzidi urefu, mti mkubwa hakuna hata mmoja, ila magugu yana kijani ambacho hakipo sehemu nyingine yoyote ya kijisitu. Nilivyoona vile nikajua jibu letu liko huku zaidi kuliko kule chini ya viota.

Kabla sijasahau, barakoa. Udongo uliokaa na kinyesi cha ndege muda mrefu unaweza kuwa na kuvu anaitwa histoplazma, ukiuchimba mkavu vumbi lake linaingia kwenye mapafu na mtu anaugua kweli kweli, dalili zake zinafanana na kifua kikuu mpaka watu wanaanzishiwa dawa ambazo siyo zake. Kwa hiyo tunachimba udongo ukiwa na unyevu na kila mtu anavaa barakoa, anayeona ni ushamba abaki kitaluni amwagilie.

Wanachodondosha

Tumetandika turubai chini ya mkuyu kuona kinachoshuka, na aisee kinashuka kila kitu. Kinyesi ndo kingi bila shaka, lakini kuna vipande vya furu na dagaa waliotapikwa, maganda ya mayai, manyoya, kifaranga kilichokufa, na majani mabichi kibao na vijiti vibichi. Hayo majani mabichi yalinishangaza mwanzoni mpaka nikakaa nikaangalia, kumbe mnandi anakatua matawi mabichi ya mti huo huo anaoishi ili ajengee, mengine yanamponyoka yanaanguka. Kwa hiyo mti unapigwa mara mbili, unamwagiwa kinyesi alafu unanyolewa. Na majani yaliyobaki juu yamepakwa chokaa ya kinyesi, mwanga haupiti vizuri na vile vitundu vya kupumulia vinaziba, mpaka mvua nzuri ije iyaoshe.

Kitu kingine ni kwamba hawa ndege wawili hawafanyi kazi moja. Mnandi anakula samaki, anazama ziwani, anarudi anatanua mabawa ayakaushe, anakunya. Yangeyange wetu ni wale wa kufuata ng'ombe, chakula chao ni panzi na wadudu wa malishoni. Yaani mmoja analipandisha ziwa juu ya mti, mwenzie analeta malisho ya ng'ombe pale pale, na vyote vinashukia kwenye eneo dogo kuliko uwanja wa mpira. Wanasayansi wana njia ya kuthibitisha kwamba naitrojeni iliyo kwenye jani imetoka kwenye samaki: kuna naitrojeni ya kawaida na kuna ile nzito kidogo, namba 15, na kadiri unavyopanda kwenye mlolongo wa nani anamla nani ile nzito inaongezeka, alafu amonia ikipaa kutoka kwenye kinyesi inaondoka zaidi na ile nyepesi, kwa hiyo inayobaki kwenye udongo na kuingia kwenye majani inakuwa na alama ambayo mbolea ya dukani haina. Sisi hatuna mashine hiyo, tuna karatasi za kupima pH, yaani uchachu wa udongo, na pua.

Pua nayo ni kipimo jamani. Asubuhi baada ya mvua ndogo jua likitoka harufu ya amonia inakutoa machozi.

Kenge wamejaa pale chini. Wanaokota vifaranga na samaki walioanguka na hawana haraka kabisa, mmoja alilala juu ya turubai letu tukasubiri mpaka alipoamua kuondoka mwenyewe. Na wao wanakunya, na wakifa wanaozea hapo hapo, kwa hiyo usihesabu ndege tu, kuna kijiji kizima cha nzi, sisimizi, mende na kenge kinachoishi kwa kuanguka kwa vitu kutoka juu.

Mvua kubwa zimepita, karatasi za pH

Rangi chini ya viota imeenda kwenye asidi kuliko mita 40 nje, na kwenye mahame iko katikati. Kuna mtu alinibishia kwamba kinyesi cha ndege ni cheupe kama chokaa kwa hiyo kinapunguza asidi. Hapana. Ule weupe kwa sehemu kubwa ni asidi ya yuriki, ndo njia ya ndege ya kutoa naitrojeni, sisi tunatoa kwa mkojo. Ikifika chini bakteria wanaivunja inakuwa amonia, sehemu inapaa hewani ndo ile ya kutoa machozi, sehemu inabaki kwenye udongo alafu bakteria wengine wanaigeuza kuwa naitreti, na ni kwenye hatua hiyo ya kugeuza ndo asidi inazaliwa. Naitreti yenyewe haishikwi na udongo wa kichanga, mvua ikipiga inazama chini au inarudi ziwani, na ikizama inaondoka na kalsiamu na magnesiamu, udongo unabaki mchachu na mtupu wa hivyo vitu.

Fosforasi ndo habari nyingine kabisa. Hiyo haipai na haizami kirahisi, inang'ang'ania chembe za chuma na alumini kwenye udongo inakaa. Ndege wakiondoka naitrojeni inapungua baada ya muda, fosforasi inabaki miaka na miaka. Wajapani wameliona hili vizuri kwenye Ziwa Biwa, kule mnandi waliongezeka sana kuanzia miaka ya 1980 wakavamia rasi ya Isaki na kisiwa cha Chikubu, misitu ikakauka, ikiwemo ile ya mihinoki (misaipresi ya Kijapani), watafiti wakapima sehemu zenye ndege, sehemu zilizoachwa na sehemu ambazo ndege hawajawahi kukaa, wakakuta fosforasi iko juu hata kwenye zile zilizoachwa. Na kule pia waliona matawi mabichi yanayokatwa na ndege yanaongeza takataka za msituni mara nyingi zaidi ya kawaida, alafu hizo takataka zikiloweshwa kinyesi sehemu yake ngumu inaoza polepole, maana kuvu wanaokula hiyo sehemu ngumu hawapendi naitrojeni ikizidi. Nilivyosoma hiyo nikaenda kufukua chini ya mkuyu wetu, na kweli kuna tabaka la vijiti na majani yaliyogandamana linafika kwenye kifundo cha mguu, wakati mita 40 nje ukikwangua kidogo tu uko kwenye udongo.

Hilo tabaka nalo linazuia mbegu. Mbegu ya mti ikidondoka inaotea juu ya vijiti, mzizi haufiki ardhini, jua likiwaka inakufa. Nadhani miche mingi ya asili inafia hapo kabla hata kinyesi hakijaiua.

Mahindi kwenye makopo

Maabara hatuna kwa hiyo tumetumia mahindi. Tumechukua makopo tukayatoboa chini, tukajaza udongo wa kila kipande, mbegu za mfuko mmoja, maji sawa, kivuli sawa. Kundi la tano la makopo tuliliongeza baadaye, ni udongo wa chini ya viota lakini tumeuosha kwa maji ya mvua mara kadhaa ukaachwa ukae kwanza.

Udongo wa chini ya viota ukiwa mbichi, mbegu nyingi hazikuota, zilizoota ncha za majani zikaungua zikawa kahawia. Ni chumvichumvi ya kinyesi, maji kwenye udongo yanakuwa makali kuliko maji ndani ya mzizi, kwa hiyo mzizi unanyonywa badala ya kunyonya, na amonia nayo inachoma mizizi michanga. Udongo wa mita 40 mahindi yameota vizuri ila ni ya njano, membamba, ndo udongo wetu wa siku zote. Ule uliooshwa umeota kijani cha kukolea. Wa mahame ndo umewapita wote, akina mama wa kikundi wameuona wakaanza kuulizia kama wanaweza kubeba viroba viwili vitatu vya bustani ya mchicha. Nimewaambia wachukue kidogo pembeni, wasikombe.

Kwa hiyo udongo wa ndege ni ule ule, shida ni kiasi na muda, kama chumvi kwenye mboga. Hapa ndo nikaacha kubishana na wale wanaosema ni sumu na wale wanaosema ni mbolea, maana wote wana kopo lao la kuonyesha.

Lakini mahindi ni mahindi, yana haraka, yanapenda naitrojeni, yako upande wa magugu. Mti wa msituni mara nyingi umezoea udongo maskini na unaishi kwa msaada wa kuvu wa kwenye mizizi wanaoutafutia fosforasi, na fosforasi ikishakuwa ya bwerere ule ushirika unalegea, faida ya mti dhidi ya gugu inapotea. Ukichanganya na lile paa la miti kufunguka jua likaingia, mnavu na mbarika zinachukua kila kitu. Ndo maana mahame yana rutuba kuliko shamba la mtu yeyote kijijini na bado hayajarudi kuwa msitu. Hakuna anayeyazuia isipokuwa magugu yenyewe.

Kiangazi kinaingia, kikao cha kikundi

Kikao kilikuwa cha moto. Upande wa kufukuza wana hoja, miti inakufa mbele ya macho yao na wao ndo wamebeba maji. Mzee mmoja akasema vijana tupige madebe wiki moja tu wakati wa kujenga viota, wataondoka wenyewe. Nikamjibu mzee wangu wataondoka ndiyo, ila watakwenda kwenye mikuyu ya kule makaburini au kwa jirani, na huko wataanza upya kuua miti mizima wakati hapa wameshaua. Mnandi akisumbuliwa hatoweki, anatawanyika. Alafu ndege wa porini siyo kuku wetu wa kujiamulia, watu wa maliasili lazima wahusishwe.

Nikawapa mifano miwili ya Kanada ambayo naipenda kwa sababu ni ndege wa ukoo mmoja na walichagua njia mbili tofauti. Kwenye Ziwa Erie kuna kisiwa kidogo kinaitwa Middle Island, ndo ardhi ya kusini kabisa ya Kanada, kina miti adimu ya kusini, mnandi wakazidi, na kuanzia 2008 wasimamizi wa hifadhi wakawa wanawapiga risasi kila mwaka kupunguza viota. Toronto mjini kuna rasi iliyojengwa kwa kifusi cha majengo, Leslie Street Spit, mnandi walianza kuzalia pale 1990 na sa hivi ni moja ya makazi makubwa ya hao ndege Amerika ya Kaskazini. Pale hawakuua, walifanya mbinu za kuwavuta wazalie chini ardhini badala ya mitini, na ndege wengi wakakubali, miti iliyobaki ikapata nafuu. Mama mmoja akauliza, sisi tukiwavuta chini si kenge watafanya sherehe? Kikao kizima kikacheka, na ana haki, hapa kwetu kuzalia chini ni kuwapa kenge, mbwa na watoto wa shule.

Mtu akasema basi nitajie mti mmoja unaofaidika. Upo. Visiwa vya Shelisheli, kisiwa cha Cousin, kilikuwa shamba la minazi, kikanunuliwa 1968 kwa ajili ya ndege, minazi ikapunguzwa na msitu wa asili ukarudi, na mti mkubwa wa pale unaitwa pisonia. Pisonia anaishi katikati ya kinyesi cha ndege wa bahari na ananawiri, ndege wanatumia majani yake kujengea viota. Una kisirani chake pia, mbegu zake zina gundi, ndege akinasa nyingi anashindwa kuruka anafia pale pale, watu wakadhani mti unaua makusudi upate mbolea, ila utafiti uliofanyika hapo Cousin haukuona miche ikifaidika na ile mizoga. Kwetu haupo huo mti na sishauri mtu akauagize.

Na visiwa vya Chagos huko huko Bahari ya Hindi, utafiti wa 2018 ulilinganisha visiwa vyenye panya na visivyo na panya. Visivyo na panya vilikuwa na ndege wa bahari kwa msongamano mara 760 zaidi, naitrojeni inayoingia ardhini mara 251, na uzito wa jumla wa samaki kwenye miamba ya jirani ulizidi kwa asilimia 48. Wavuvi kwenye kikao walipenda sana hiyo ya samaki, ikabidi niwatulize, bahari ya kule ni maskini wa virutubisho na ziwa letu lina matatizo ya virutubisho kuzidi, magugu maji na ukijani wa maji mnauona wenyewe. Mnandi wetu hawaongezi kitu kipya ziwani, wanachukua humo humo wanarudisha humo humo, mzigo wa ziada unatoka mashambani na mijini.

Tulichokubaliana

Kilichomaliza ubishi ni ile mikaratusi iliyokauka. Wengi walitaka ikatwe kuni, inaonekana haina kazi. Lakini tuliangalia juu tukaona viota bado vipo, mnandi hajali kama mti umekufa ilimradi unasimama na tawi linabeba. Sasa ukikata hiyo mikavu wale ndege wote wanahamia mikuyu mibichi inayofuata. Kwa hiyo mikavu inabaki mpaka ianguke yenyewe, na kila msimu inaposimama ni msimu mmoja zaidi kwa mikuyu. Wapenda kuni wamenuna kidogo.

Chini ya viota hatupandi tena kitu. Nguvu yote inahamia kwenye mahame, tunafyeka magugu kwenye duara la kila shimo tu bila kung'oa eneo zima, tunakwangua lile tabaka la takataka mpaka udongo uonekane, tunapanda miche mikubwa iliyokaa kitaluni muda mrefu ili iwahi kuizidi mbarika kimo, na kila shimo linapata koleo la udongo kutoka chini ya mikuyu ya mita 40 ili ule kuvu wa mizizi uje nao. Mbarika tunaziacha chache ziwe kivuli cha mwanzo. Majivu ya jikoni yatatumika mahame tu kupunguza uchachu, ila msiyapeleke penye kinyesi kibichi maana majivu yanaisukuma amonia ipae yote kwa mpigo, mtaunguza miche na kujitoa machozi bure.

Pembeni, pale matone machache, tunajaribu miche michache ya mkuyu kwa vipandikizi vinene kwa sababu huko ndo ndege wataelekea mikavu ikianguka na nataka kujua nini kinaweza kuwavumilia. Nusu ya hiyo tutaifunika kwa matawi msimu wa viota, nusu tutaiacha wazi.

Vuli ikianza tunarudia karatasi za pH na makopo ya mahindi kwa udongo ule ule wa vipande vyote. Aliye na mahame ya ndege karibu na kwake, iwe kwarara au yangeyange au kwelea kwelea, naomba aangalie ni mti gani umerudi kuota pale wenyewe bila kupandwa, alafu aniambie na aina ya udongo wake.